Filamu za mahali pamoja: nilizotazama karibuni na nilivyoziona

Mimi si mchambuzi wa filamu. Ni mtazamaji wa kawaida tu, wa kumaliza shughuli zangu, kujibwaga kwenye kochi na kutafuta cha kuniburudisha. Sasa siku hizi nimenasa kwenye aina moja na sitoki: filamu ambazo kisa kizima kinatokea mahali pamoja. Chumba kimoja, gari moja, dawati moja, hata jeneza moja. Hakuna kukimbizana juu ya mapaa, majengo hayalipuki, steringi hampigi mtu ngumi, na bado unatazama umejikunja, hutaki hata simu yako iite.

Nimeona kitu kimoja ndicho kinachozibeba au kuziangusha. Mwongozaji amejibana kwa hiari yake. Je, anavumilia kubanwa? Akivumilia, anakupa utamu usioupata kwenye filamu za mamilioni. Akianza kutapatapa na kuchomeka vichangamsho, mambo yanaharibika hapohapo. Nitaeleza nilizotazama, ila sitamwaga mtama penye kuku wengi. Miisho naiacha kwenu.

Nilianza na 12 Angry Men ya mwaka 1957. Najua wengine mkisikia picha haina rangi mnakunja uso. Vumilieni dakika kumi tu. Raia 12, wanaume watupu, wamefungiwa chumbani kuamua kesi ya kijana wa miaka 18 anayeshtakiwa kumuua baba yake. Wakimtia hatiani, anauawa kisheria, na lazima wakubaliane wote. Kura ya kwanza inapigwa: 11 wanasema ana hatia, mmoja anasema hapana. Filamu ina dakika 96 na karibu zote zinaishia ndani ya chumba hicho.

Kila mtu husifu tukio la kisu, na kweli linastahili. Kisu cha ushahidi kimeshachomekwa mezani, na hoja ni kwamba hakuna kingine kama hicho. Henry Fonda, yule mmoja aliyesema hapana, anasimama, anatia mkono mfukoni, anatoa cha kwake, anakifyatua na kukikita kando ya kile cha kwanza. Pacha. Chumba kinalipuka kwa kelele.

Lakini mimi tukio lililonishika ni jingine, dogo zaidi. Kijana alijitetea kwamba usiku wa mauaji alikuwa sinema, ila polisi walipomuuliza jina la filamu na waigizaji wake, hakukumbuka. Kwa wale wazee hiyo ilikuwa dalili tosha kwamba anadanganya. Sasa kuna mmoja wao, mwenye miwani, mtulivu, nadhifu, ambaye joto linawatesa wenzake wote na yeye amesema kabisa kwamba hatokwi jasho. Fonda anaanza kumuuliza taratibu: jana usiku ulikuwa wapi? Juzi je? Wanarudi nyuma siku baada ya siku mpaka wanafika usiku aliokwenda sinema. Ulitazama nini? Anataja ya kwanza. Ya pili jina analikosea. Waigizaji? Anababaika. Kamera iko usoni pake, na jasho linaanza kuchomoza kwenye paji la uso. Anatoa kitambaa, anajipangusa.

Nilisimamisha filamu pale nikajiuliza mwenyewe: ile niliyotazama kabla ya hii, waigizaji wake ni nani? Wewe nawe jaribu. Kwa sisi tunaotazama ili tulale, lile swali linatisha kuliko mzimu wowote.

Mwongozaji ni Sidney Lumet, na hii ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema. Alikuja kueleza kwamba mwanzoni aliiweka kamera juu ya usawa wa macho, katikati akaishusha iwe sawa na macho, na mwishoni akaitazamisha kutoka chini hadi dari likaanza kuonekana. Lenzi nazo alizibadilisha kidogokidogo ili kuta zionekane zinawasogelea. Ukiwa unatazama huoni hila yoyote, unahisi tu kwamba hewa imepungua. Nilipoirudia nikiwa najua, nilikuwa naliangalia dari muda wote, na sikushauri ufanye hivyo mara ya kwanza.

Kutoka hapo nikaingia Denmark. Den skyldige, ya 2018, imeongozwa na Gustav Möller, na nje ya nchi yao wengi wanaijua kwa jina la The Guilty. Hii kwangu ndiyo bora kuliko zote, wacha niseme mapema. Asger ni polisi aliyeondolewa kazi ya mitaani kwa muda na kuwekwa kwenye dawati la kupokea simu za dharura. Amechoka, ana dharau, anawajibu watu kwa mkato. Inaingia simu ya mwanamke anayeongea kama anambembeleza mtoto wake. Asger anataka kukata. Halafu anashtuka: huyu ametekwa, aliyemteka yuko kando yake kwenye gari, na anajifanya anaongea na mtoto. Basi anaanza kumuuliza maswali ya ndiyo au hapana.

Toka hapo hadi mwisho hatuoni gari, hatuoni barabara, hatumwoni huyo mwanamke. Tunaona uso wa Jakob Cedergren na vifaa vya kusikilizia vilivyo kichwani pake. Mengine yote ni sauti: mvua, wipa zinakwaruza kioo, mlango unafungwa, mtu anapumua. Asger anapiga simu nyumbani kwa yule mama na anapokea mtoto wa kike wa miaka sita hivi. Sauti ya mtoto yule, jinsi anavyojikaza ajibu kama mtu mzima, sijawahi kuona muigizaji asiyeonekana akanikamata namna ile. Nilikuwa nimeshaijenga ile nyumba kichwani mwangu, na rangi ya kuta zake nimeipaka. Sasa raha ya filamu hii, na ukatili wake, ni kwamba ulichokijenga kichwani ni chako na mwongozaji anajua umekijenga. Naishia hapo.

Wasioipenda lugha ngeni wasiwe na hofu. Maandishi ya tafsiri chini ya skrini ni mafupi kwa sababu watu wanaongea kwa mkato, na kwa kuwa picha haina mengi ya kukimbilia, macho hayahangaiki.

Wamarekani waliirudia mwaka 2021, Jake Gyllenhaal akiwa mbele na Antoine Fuqua akiongoza. Niliitazama usiku uliofuata nikitaka kulinganisha. Kisa ni kilekile, hata baadhi ya maneno ni yaleyale. Ila waliona dawati na simu havitoshi. Wakaongeza moto mkubwa wa msituni unaowaka kwenye skrini za ukutani, wakampa jamaa pumu na kifaa cha kuvuta dawa, wakamwongezea mke waliyetengana na binti anayemkumbuka. Na kupiga kelele! Asger wa Denmark akikasirika anashusha sauti. Huyu anapasuka tangu mapema, kwa hiyo yanapofika makubwa hana pa kupandia. Gyllenhaal si mwigizaji mbaya, anajituma hadi mishipa inamtoka, lakini kila nilipoanza kulijenga lile gari kichwani, moto wa skrini ulinitoa.

Haki yao niwape. Waliipiga kwa siku 11 wakati wa korona, na Fuqua aliongoza akiwa ndani ya gari la kando kwa sababu alikuwa amekaribiana na mtu mwenye maambukizi. Mwongozaji amefungiwa, mhusika amefungiwa. Kama hujaona ya kwanza, hii itakutosha kabisa kwa usiku mmoja. Kama umeiona, sioni ya nini.

Buried, ya 2010, sijui niseme nini. Ryan Reynolds ni Paul, dereva wa lori Mmarekani anayefanya kazi Iraki. Anazinduka yuko ndani ya jeneza, chini ya ardhi, ana kiberiti cha gesi na simu isiyo yake. Basi. Dakika 95, na kamera haitoki nje hata mara moja. Wenye hofu ya kubanwa msiguse, nasema kwa nia njema.

Kinachouma humo ni zile simu. Mtu amezikwa hai, anapiga namba ya dharura ya kwao, anaunganishwa na mhudumu huko Ohio asiyeelewa anaongea nini. Anapiga kwingine anaambiwa asubiri. Anapiga kwingine anaombwa namba zake za utambulisho. Kila aliyewahi kusikiliza muziki wa "tafadhali endelea kusubiri" atacheka kicheko cha uchungu. Mwongozaji, Mhispania Rodrigo Cortés, hapo alikuwa na dhahabu mkononi. Halafu akaleta nyoka. Nyoka! Ndani ya jeneza, tuko katikati ya mazungumzo mazito, mara mtu anahangaika na nyoka, na ukimaliza unagundua hakubadilisha chochote kwenye kisa. Kuna mahali pengine kamera inapanda juu, juu, juu, kuta za jeneza zinarefuka gizani kama kisima. Picha nzuri, sikatai, lakini kwa sekunde zile nilipata hewa ambayo Paul hana, na sikuiomba.

Mwisho wake nauachia kila mtu. Mimi ulinikera kwa siku kadhaa, na sijaamua kama hiyo ni sifa au lawama.

Baada ya jeneza, gari lilikuwa nafuu. Locke, ya 2013, ni Tom Hardy peke yake anaendesha usiku kutoka Birmingham kwenda London. Ni msimamizi wa ujenzi. Kesho alfajiri kuna kazi kubwa ya kumwaga zege kwa ajili ya msingi wa jengo refu, kazi ya maisha yake, na yeye ameondoka. Kuna mwanamke London anakaribia kujifungua mtoto wa huyu Locke, na si mke wake. Dakika 85 za simu: mke, bosi, watoto, hospitali, na kijana mmoja wa kazini aliyeachiwa zege lote.

Nikikusimulia hivyo utasema hiyo ni tamthilia ya redio. Ila kuna kitu cha ajabu: sehemu iliyonipandisha presha ni ya zege, wala si ya ndoa. Jamaa anamwelekeza yule kijana kwa simu akague nondo na mbao za kuzuilia zege, ahakikishe barabara zimefungwa, zege likija liwe la daraja sahihi na si jingine. Kijana mwenyewe amekunywa. Locke hapandishi sauti. Anarudia maelekezo kwa upole wa mtu anayejua zege haliombwi msamaha. Ukiwa umewahi kusimamia kazi yoyote na watu, utamwelewa, hata kama unamlaumu kwa mengine yote.

Mwongozaji, Steven Knight, aliipiga kwa usiku nane, na waliokuwa upande wa pili wa simu walikuwa wakimpigia Hardy kweli wakati kamera zinazunguka. Ile mafua aliyonayo ni yake, alikuwa anaumwa wakaiingiza kwenye mhusika. Sikilizeni pia sauti ya mtoto wake mmoja: ni Tom Holland, kabla hajawa mkubwa wa mabango. Kasoro yake ni pale Locke anapoongea na marehemu baba yake kupitia kioo cha nyuma. Mara moja ingetosha. Anarudia, na kila akirudia natamani simu iite.

Rear Window ya Hitchcock, ya 1954, sina mengi. Mpiga picha, James Stewart, amevunjika mguu, anachungulia majirani dirishani, anashuku mmoja ameua mke wake. Nusu ya kwanza inajivuta, ile ya pili inalipa deni lote. Mpenzi wake, Grace Kelly, anapokwenda ng'ambo ya uwanja na sisi tumebaki na James Stewart kitini hana la kufanya, nilisimama mwenyewe.

Kuhusu namna ya kutazama: hizi si filamu za kuwasha huku unapika au unachati. Den skyldige na Locke zitazame na vipokea sauti vya masikioni, taa zimezimwa, maana spika za televisheni zinameza zile pumzi na minong'ono ambayo ndiyo filamu yenyewe. 12 Angry Men ni bora mkiwa wengi, mtabishana mpaka usiku wa manane nani kati ya wale 12 ni nani kati yenu. Buried tazama mchana, mlango ukiwa wazi.

Na kama una usiku mmoja tu, chukua ile ya Denmark, na usisome chochote zaidi kuihusu kabla ya kuibonyeza.