Scratch au Python kwa mazoezi ya kwanza ya programu

Scratch, lugha ya programu iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007, humwezesha mwanafunzi kupanga vipande vya amri vyenye rangi kwa kipanya, na kwa kuwa kipande kisichofaa hakishikani na kingine, makosa ya sarufi karibu hayatokei. Python, lugha ya programu ya mwaka 1991, huandikwa herufi kwa herufi; ukisahau nukta pacha (:) mwishoni mwa mstari wa "if", yaani wa sharti, programu haianzi kabisa. Zoezi la kuonyesha namba 1 hadi 10 hudhihirisha tofauti hiyo: katika Scratch unarudia mara 10 huku ukiongeza 1, ilhali range(1, 10), amri ya Python ya kutoa mfululizo wa namba, huishia 9, jambo lililowahi kunipotezea jioni nzima. Mtoto wa miaka 9 ningemwanzishia Scratch. Mtu mzima ningempa Python, hata ikimkera.