Geuza Raba Uangalie Soli: Nakshi Ipi Inastahili Pesa Yako

Wanunuzi wengi wa raba huangalia rangi na nembo ya ubavuni, wakalipa, wakaondoka. Soli huja kukumbukwa siku mtu anapoteleza kwenye vigae vilivyolowa. Mimi huigeuza raba kwanza. Ile michoro ya chini ni pambo, na pia ndiyo inayoshika ardhi. Mpangilio huu wa nakshi nne, kuanzia iliyo bora, ni wa mtu anayetembea kila siku kwenye lami, vumbi na sakafu za ndani.

Ya kwanza ni mistari ya zigizaga, kama ya Adidas Superstar, raba ya mpira wa kikapu iliyotoka mwaka 1969. Kila kona ya mstari inatazama upande wake, kwa hiyo mguu unashikwa ukienda mbele, ukirudi na ukikata kona. Nakshi ya namna hii ina historia na maji: mwaka 1935 Mmarekani Paul Sperry, aliyemwona mbwa wake akikimbia kwenye barafu bila kuteleza, alichanja mistari myembamba ya zigizaga kwenye soli za viatu vya mashuani. Kasoro yake ni kwamba mistari huziba kwa vumbi, na chini ya dole gumba huisha mapema. Isugue kwa brashi mara kwa mara.

Ya pili ni vinundu vya mraba. Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon na mwanzilishi mwenza wa Nike, aliipata mwaka 1971 kwa kumimina mpira wa maji kwenye chuma cha mkewe cha kuokea mikate ya vishimo. Chuma kiliharibika, lakini nakshi ikabaki. Kwa nyasi, changarawe na barabara ya vumbi ningeiweka juu kabisa. Imeshuka kwa sababu kwenye kigae laini kilicholowa ni vichwa vya vinundu tu vinavyogusa chini, tena vijiwe hunasa katikati.

Kwa uzuri, hakuna inayonivutia kama duara ndani ya duara za Air Force 1, raba ya Nike ya mpira wa kikapu aliyoibuni Bruce Kilgore mwaka 1982. Duara zimekaa pale mchezaji anapozungushia mguu, ili ageuke bila kukwama. Ni ubunifu wa heshima kubwa. Ila raba yenyewe ni nzito, na mtembeaji wa kawaida hahitaji kuzunguka, ndiyo maana naipa nafasi ya tatu.

Ya nne ni umbo la uru, la Converse na Vans. Soli ni bapa, nzuri kwa kusimama na kwa mitindo, dhaifu kwa mwendo mrefu. Vans, walioanza mwaka 1966, waliona soli zao zikipasuka mbele, wakaongeza mistari ya wima hapo. Nakshi ya Converse ni alama ya biashara iliyosajiliwa Marekani, na mwaka 2016 tume ya biashara ya nchi hiyo iliitambua kuwa halali. Kwa hiyo michoro iliyofifia au kupinda ni sababu tosha ya kuishuku raba hiyo kuwa ni bandia.

Soli zinazopitisha mwanga kama kioo ziache, isipokuwa unataka za kupigia picha. Hugeuka manjano.

Kwa raba za mtumba, usidanganywe na nakshi ambayo haijaguswa. Soli ya kati, lile tabaka lililo juu ya soli ya chini, ikiwa ya poliyurethani, aina ya plastiki, huoza kwa unyevu hata kiatu kikikaa kabatini, kisha humomonyoka ukianza kuvaa. Ikunje raba mbele, bonyeza ubavu wa soli kwa kucha, angalia kisigino upande wa nje. Ukiona unga, nyufa au gundi inayoachia, irudishe mezani. Muuzaji akikataa usiikunje, nenda meza ya pili.