Njia tano za kununua pikipiki mpya, kuanzia isiyo na maficho ya ada

Bei iliyobandikwa kwenye tangi la pikipiki mpya si bei utakayolipa. Kila mnunuzi analijua hilo, lakini wengi bado wanalinganisha maduka kwa bei hiyo hiyo ya kwenye tangi, kisha wanashangaa kwamba duka lililoonekana rahisi ndilo lililowachuna zaidi. Kinachofaa kulinganishwa ni jumla ya fedha zitakazokutoka mpaka pikipiki ipate namba na bima na iwe barabarani. Ndiyo maana njia zilizo hapa chini nimezipanga kwa kipimo kimoja: njia ipi ina maficho machache ya ada.

Tuanze na ada zenyewe.

Kodi, usajili na bima ya lazima hazikwepeki. Unachoweza kudai ni risiti zake. Duka likiandika "usajili" na kuweka tarakimu nzima nzima yenye sifuri nyingi, huenda ndani yake mna cha juu. Risiti halisi ndiyo itakayokuonyesha.

Kisha kuna usafirishaji na uunganishaji. Pikipiki nyingi husafirishwa ndani ya kreti, gurudumu la mbele, usukani, vioo na betri vikiwa vimefunguliwa. Fundi wa duka anaunganisha vyote, anachaji betri, anakaza bolti kwa kipimo, anaangalia mafuta ya breki, upepo wa matairi na mvutano wa cheni. Ni kazi halali na ni muhimu, maana bolti ya ekseli isiyokazwa sawasawa si jambo la mzaha. Uliza jambo moja tu: je, gharama hii tayari imo kwenye bei iliyobandikwa, au inaongezwa? Wapo wanaoitoza mara mbili kwa majina mawili, "maandalizi" mstari mmoja na "ukaguzi kabla ya kukabidhi" mstari wa pili. Ukiona mistari miwili hiyo, omba uelezwe kwa maneno fundi anafanya nini katika kila mmoja. Mara nyingi mmoja hufutika papo hapo.

Ada ya makaratasi ndiyo inayonikera kuliko zote. Kujaza fomu za mauzo ni sehemu ya biashara ya duka, kama ilivyo kufagia sakafu yake. Muuzaji atakwambia mfumo haumruhusu kuiondoa. Sawa, msibishane: ibaki kwenye ankara, ila bei ya pikipiki ishuke kwa kiasi hicho hicho. Mfukoni mwako matokeo ni yale yale.

Vya kukataa moja kwa moja ni vile vinavyokuwa "vimeshafungwa": dawa ya kulinda rangi, namba zilizochorwa kwenye plastiki ili kuzuia wizi, naitrojeni kwenye matairi. Hewa ya kawaida unayojaza kwa pampu ina naitrojeni karibu asilimia 78 tayari. King'ora na kifaa cha kufuatilia pikipiki vina maana yake, ila viulizie bei nje ya duka kwanza. Dhamana ya nyongeza nayo isome kwa makini upande wa tarehe. Ikiwa inaanza siku ileile ya dhamana ya kiwandani, miezi ya mwanzo unalipia kitu ambacho tayari unacho bure.

Sasa njia zenyewe.

Ya kwanza, na ninayoipendekeza bila kusita, ni pikipiki mpya ya mwaka uliopita iliyobaki dukani, ukiwa na fedha mkononi. Duka lina hamu ya kuitoa: inakula nafasi, na mara nyingi imenunuliwa kwa mkopo unaoendelea kuzaa riba. Hapo ndipo ada ya makaratasi na ya maandalizi hufutwa kwa urahisi kuliko wakati wowote. Mara nyingi tofauti na toleo jipya huwa ni rangi na stika. Cha kuangalia ni umri wake halisi. Inama kwenye ubavu wa tairi utafute herufi DOT. Mwishoni mwa mfuatano wake kuna tarakimu nne, na ikiwa ni 2323 tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2023. Betri iliyokaa muda mrefu bila kuchajiwa huharibika, kwa hiyo dai mpya. Na hakikisha dhamana itahesabiwa kuanzia siku unayonunua, iandikwe hivyo.

Ya pili ni toleo la mwaka huu, kwa fedha yako au kwa mkopo ulioutafuta mwenyewe benki au kwenye chama cha akiba na mikopo kabla hujaingia dukani. Nguvu ya njia hii ni kwamba mnajadili kitu kimoja tu: jumla. Muuzaji hana namna ya kupunguza huku akiongeza kule. Udhaifu wake ni kwamba toleo likiwa jipya na linagombaniwa, punguzo huwa dogo na ada hukaa palepale.

Ya tatu ni pikipiki ya majaribio, ile ambayo wateja wameiendesha kidogo. Bei hushuka vizuri, na kazi ya kuunganisha imeshafanyika, kwa hiyo ada yake haina sababu ya kuwepo. Ila imepitia mikono mingi katika kilomita zake za mwanzo kabisa, wakati injini inatakiwa kuendeshwa kwa upole. Uliza kama huduma ya kwanza imefanyika, ambayo kwa pikipiki nyingi huwa karibu na kilomita 1,000, na kama dhamana imeshaanza kuhesabiwa. Ikiwa miezi sita ya dhamana imeshapita, hiyo ni hoja ya kushusha bei.

Ya nne ni mkopo wa dukani. Hapa twende polepole, maana ndipo hesabu inapopotea. Utakaa mezani, na kabla hata hujataja bei utaulizwa: "Bosi, kwa mwezi unaweza kutoa ngapi?" Usijibu. Ukishataja kiasi, kila kitu kitakunjwa ili kiingie humo: dhamana ya nyongeza, bima ya mkopo, kifurushi cha huduma, na muda wa kulipa utarefushwa ili rejesho lionekane dogo. Jibu liwe, "Tumalize bei ya jumla kwanza, mkopo baadaye."

Halafu uliza riba inahesabiwaje. Tuseme umekopa 100 na unarudisha 10 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla ni 120, na utaambiwa riba ni asilimia 20. Lakini ile 100 hukukaa nayo mwaka mzima. Kila mwezi umekuwa ukiirudisha, na kufika katikati ya mwaka karibu nusu imeshaondoka. Ukihesabu kwa salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, riba hiyo ni karibu asilimia 35 kwa mwaka. Kwa hiyo benki inayotaja asilimia 25 juu ya salio linalopungua ni nafuu kuliko duka linalotaja 20 juu ya mkopo wote wa mwanzo, ingawa masikioni inasikika ghali.

Mkopo wa dukani una siku zake nzuri. Watengenezaji hutoa ofa za riba ndogo sana, wakati mwingine sifuri. Uliza bei ya anayelipa taslimu siku hiyo hiyo. Kama yeye anapata punguzo na wewe hupati, basi punguzo hilo ndilo riba yako. Pia mikopo mingi inadai bima kubwa, ile inayolipia hata pikipiki yako mwenyewe ikiibiwa au kuharibika, kwa muda wote wa deni, na gharama hiyo haionekani kwenye karatasi ya marejesho. Piga simu kwa bima kabla ya kuchagua pikipiki, maana ile ya mbio yenye injini ndogo inaweza kuwa na bima ghali kuliko kubwa ya safari.

Ya tano ni kulipa kidogo kidogo kwa siku au wiki mpaka pikipiki iwe yako. Kwa asiye na kianzio na anayetaka kuanza kazi kesho, huenda ndiyo pekee iliyopo, na sitamlaumu. Zidisha tu malipo ya siku kwa siku zote za mkataba, kisha ulinganishe na bei taslimu. Kwenye mkataba tafuta mambo matatu: faini ya kuchelewa, nani analipa matengenezo, na kadi ya umiliki inahamia jina lako lini. Ikiwa pikipiki ikichukuliwa mwezi wa mwisho unapoteza vyote ulivyolipa, tafuta mkataba mwingine.

Njia yoyote utakayochukua, tuma ujumbe huu huu kwa maduka kadhaa: "Naomba bei ya mwisho ya pikipiki hii, pamoja na kodi, usajili na kila ada, kipengele kwa kipengele, kwa maandishi." Atakayekujibu "njoo dukani tuzungumze" amekwishakujibu. Fedha ya kushikilia nafasi usiitoe mpaka risiti iseme inarudishwa. Siku ya kusaini, weka ule ujumbe kando ya mkataba na ulinganishe mstari kwa mstari, kwa sababu ada mpya hupenda kujitokeza hapo, umeshachoka na helmeti iko mkononi. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye mkataba ipige mstari.

Kabla ya kuwasha, hakiki namba ya fremu ilingane na ya kwenye karatasi, soma kilomita, na uombe funguo zote mbili, mfuko wa vifaa ulio chini ya kiti, na kitabu cha dhamana kikiwa kimepigwa mhuri wenye tarehe ya siku hiyo.