Nilirudi 1991 kwa hedifoni: nyimbo zipo, mpangilio hakuna

Nimelipia mwezi mmoja wa programu ya kusikiliza muziki kwa sababu moja tu: ina sehemu ya kukurudisha kwenye mwaka unaoutaka. Unagusa mwaka, inakumwagia nyimbo, vipande vya video na vijihabari vya enzi hizo. Nikagusa 1991, mwaka wa roki.

Nyimbo zipo, hilo siwanyimi. Tatizo zimechanganywa kama karata. Unatoka kwa Nirvana, unaangukia kwenye wimbo laini wa mapenzi, mara Metallica hao.

Jioni ya tatu nikakaa na karatasi, nikazipanga albamu kwa tarehe za kutoka. Hapo ndipo nilipoanza kufaidi. Metallica 12 Agosti. Pearl Jam 27 Agosti. Guns N' Roses 17 Septemba, tena albamu mbili kwa mpigo. Halafu 24 Septemba, siku moja, Nirvana na Red Hot Chili Peppers. Wiki sita na siku moja! Sijui mwenye hela ya albamu moja alichaguaje.

Walionimaliza ni Queen. Albamu yao ya Innuendo ilitoka Februari, na wimbo wake wa mwisho ni "The Show Must Go On". Ukikutana nao katikati ya mchanganyiko, ni wimbo wa kupigia kelele bafuni. Ukiufuata kwa tarehe unajua kinachokuja: 23 Novemba mwimbaji wao, Freddie Mercury, alitangaza kwamba ana UKIMWI, kesho yake akafariki. Ile sauti anayoipandisha haikuwa mbwembwe tena masikioni mwangu. Nilivua hedifoni, nikakaa.

Kwenye Nevermind, ile albamu ya Nirvana, wameniudhi. CD ya kaka yangu, wimbo wa mwisho ukiisha, ilikaa kimya kama dakika kumi, kisha magitaa yakalipuka bila taarifa. Niliwahi kusinzia humo, nikaruka kitandani. Humu wimbo ule wa siri wameupa mstari wake na jina lake juu, "Endless, Nameless". Siri gani hiyo sasa?

Vijihabari navyo ni vya kulamba tu. Wanakwambia Nevermind iliing'oa Dangerous ya Michael Jackson kileleni mwa chati ya albamu ya Marekani Januari 1992, basi. Hawasemi kwamba Mei 1991 Billboard, jarida linalopanga chati hiyo, lilikuwa limeanza kutumia mauzo yaliyohesabiwa na mashine za madukani, badala ya kutegemea taarifa za wauzaji wenyewe. Kwangu hiyo ndiyo habari yenyewe.

Video ni chache, ila ile ya Guns N' Roses ambayo Arnold Schwarzenegger anatokea na miwani yake ya Terminator nimeirudia mara ambazo sitazitaja.

Nyota tatu kati ya tano. Wakiweka kitufe cha kupanga kwa tarehe nitaongeza ya nne. Kwa sasa natumia karatasi yangu, na kesho ni zamu ya U2.