Semina ya uponyaji wa majeraha ya moyo: inavyofanya kazi na inakoharibikia

Makanisa yetu yanajua kuzika. Kuna kamati, kuna daftari la rambirambi, kuna kwaya ya matangani. Kinachokosekana ni huduma ya mwezi wa tatu baada ya mazishi, turubai likiwa limeshakunjwa na mjane amebaki na watoto na usiku mrefu. Semina ya uponyaji wa majeraha ya moyo, inayoendeshwa na vyama vya Biblia pamoja na makanisa, imetengenezwa kwa ajili ya mtu huyo, na kwa mkimbizi wa vita, aliyebakwa, aliyeponea ajali.

Mtaala wake uliandaliwa na watumishi wa SIL, shirika la Kikristo la lugha na tafsiri ya Biblia, wakishirikiana na viongozi wa makanisa ya Kiafrika waliotoka kwenye nchi za vita, ukachapishwa Nairobi na Paulines, wachapishaji wa Kikatoliki, mwaka 2004. Asili hiyo inaonekana. Hadithi za mfano ni za kijiji kilichovamiwa na familia iliyokimbilia porini, kwa hiyo mshiriki wa Goma au Bujumbura halazimiki kuvuka bahari kimawazo ili aelewe. Kiswahili chake kipo.

Mhimili wa huduma nzima ni 2 Wakorintho 1:4, kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu zote “ili nasi tupate kuwafariji wale walio katika dhiki za namna zote”. Neno hilo “ili” linafuatwa kwa utaratibu mkali: hakuna anayeruhusiwa kuongoza kikundi kabla hajapitia masomo yote akiwa na jeraha lake mwenyewe mezani. Mchungaji, shemasi, nesi, wote wanaanza kama washiriki. Kisha yanakuja mafunzo ya awali ya siku kadhaa, baadaye kuendesha vikundi vya mazoezi, halafu mafunzo ya juu. Makanisa yenye haraka huruka hatua ya kwanza, na hapo ndipo huduma inapofia. Kiongozi ambaye msiba wake haujaguswa atamkatiza mtu anayelia, kwa sababu kilio kile kinamchokonoa na yeye.

Masomo ya msingi ni sita: kwa nini tunateseka ikiwa Mungu anatupenda, jeraha la moyo ni nini, kipi kinalisaidia kupona, maombolezo, kuleta maumivu msalabani, na mwisho msamaha. Mpangilio huu usichezewe. Msamaha uko mwisho kwa makusudi, lakini katika mazingira yetu unavutwa kuja mwanzo, mara nyingi na wazee wanaotaka amani ya ukoo ipatikane kabla ya Jumapili. Aliyeambiwa asamehe kabla hajasikilizwa hutamka tu neno lenyewe, usaha ukabaki chini ya kovu. Somo linaeleza wazi pia kwamba kusamehe si kusema hakuna kilichotendeka, wala hakumzuii mtu kwenda polisi au mahakamani. Sehemu hiyo isifupishwe hata kidogo, hasa kama kuna mwanamke anayepigwa nyumbani.

Kitu bora kuliko vyote humu ni zoezi la kusikiliza. Washiriki wanakaa wawili wawili na msikilizaji anapewa maswali matatu tu: Nini kilitokea? Ulijisikiaje? Kipi kilikuwa kigumu zaidi kwako? Basi. Hakuna ushauri, hakuna mstari wa Biblia wa kuziba mdomo, hakuna “hata mimi yalinikuta”. Swali la tatu ndilo lenye uzito, kwa sababu jibu lake ni nadra kuwa lile msikilizaji analodhania. Mama aliyefiwa na mtoto anaweza kusema kigumu zaidi hakikuwa kifo, bali kukosa nauli ya kuwahi mazishi. Huruma ya kweli inaanzia kwenye jibu hilo. Waumini wazoefu wa kuombea watu ndio wanaopata shida zaidi na zoezi hili, kwani mkono unaruka kwenda kichwani kwa mwenzao kabla hajamaliza sentensi. Wape dakika kumi kumi kila upande na mtu wa kushika saa.

Somo la maombolezo linachora safari ya vijiji vitatu: kijiji cha kukataa na hasira, kijiji cha kukata tamaa, kijiji cha mwanzo mpya. Kati ya cha kwanza na cha tatu limechorwa daraja la uongo, njia ya mkato ya wanaoambiwa wasilie kwa sababu marehemu yuko mbinguni. “Bwana alitoa na Bwana ametwaa” ni maneno ya Ayubu mwenyewe aliyefiwa, si fimbo ya kumnyamazishia mwingine. Baada ya hapo kila mshiriki anaandika ombolezo lake kwa kufuata mfano wa Zaburi ya 13: kumwita Mungu, kukumbuka wema wake, kulalamika, kuomba, kuahidi kumsifu. Sehemu nyingine zaweza kukosekana, lakini lalamiko lazima liwepo. Asiyejua kuandika aimbe, na mara nyingi ombolezo la kuimbwa ndilo linalobaki kikundini.

Kwa somo la msalaba unahitaji msalaba wa mbao, karatasi ndogo, kalamu, misumari au sanduku, na kiberiti. Mtu anaandika maumivu yake, anamshirikisha mwenzake mmoja akipenda, anaipeleka karatasi msalabani, kisha zote zinachomwa nje. Lifanyike bila kipaza sauti na bila kinanda cha kuchochea machozi. Likigeuzwa mkutano wa maombezi, wanaoanguka na kupiga kelele wanachukua nafasi yote, na yule aliyekuja kimya na jambo zito anaondoka nalo. Karatasi zisisomwe na yeyote.

Idadi inayofaa ni watu sita hadi kumi na wawili. Arobaini ukumbini ni mhadhara. Wanaume na wanawake watenganishwe katika mazungumzo ya wawili wawili, na wafanyakazi wasipangwe pamoja na mabosi wao. Kuhusu siri, mtaala unaweka ahadi tangu siku ya kwanza, ila hauna kinga dhidi ya mtaa ambako kila mtu ni shangazi wa mwenzake. Katika parokia ndogo ni busara mwezeshaji atoke parokia jirani. Siku tatu mfululizo zinawezekana, lakini kikao kimoja kwa wiki kinafaa zaidi, kwa sababu mtu anapata siku za kulala, kufikiri na kurudi na swali.

Udhaifu wake mkubwa ni baada ya semina. Cheti kinatolewa, picha inapigwa, na kikundi hakikutani tena. Panga vikao vya ufuatiliaji kabla ya kuanza, na uwe na namba ya daktari wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya au ya mkoa. Anayetaka kujiua, anayesikia sauti, au ambaye wiki zinapita hali wala halali, anahitaji kusindikizwa hospitali siku hiyo hiyo, na mwezeshaji aende naye.