Kumbi za taarabu Mji Mkongwe: zimeni hicho kiyoyozi

Kuna ukumbi mmoja wa ghorofani Mji Mkongwe, jina silitaji, ambao mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya kulaza mapajani, wamemkalisha chini ya kiyoyozi kinachompulizia moja kwa moja. Aliyepanga jukwaa lile hajui kanuni ni kitu gani.

Kanuni ina nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake, kile kibao kinachobeba nyuzi, limekalia vipande vya ngozi. Ngozi ile ikitoka kwenye unyevu wa Unguja ikapigwa na baridi kavu, inakaza, inalinyanyua daraja, na nyuzi zote zinapanda. Kuzilinganisha upya kwa ufunguo ni kazi ya nusu saa, haifanyiki baina ya nyimbo mbili. Fidla zitaifuata kwa sikio. Akodiani haiwezi, sauti zake zimefungwa tangu kiwandani. Kufika wimbo wa tatu kanuni iko juu, akodiani iko pale pale, na mwimbaji katikati hajui ashike ya nani. Usiku niliokuwapo alishika ya akodiani, na kila kanuni ilipomjibu mwisho wa ubeti, meno yalisisimka kama mtu anakwaruza sahani kwa uma.

Mapumziko nikamfuata msimamizi, nikamwomba angalau ageuze mabawa ya kiyoyozi yatazame juu. "Shekhe, wageni wanaona joto. Kama hukupendezewa, mlango ule pale." Na mpiga kanuni yuko nyuma yake, kainamia nyuzi, ufunguo mkononi, anahangaika. Hata kumgeukia hakumgeukia.

Pale Vuga kwa Culture, chama cha taarabu cha tangu 1958, ukiwakuta mazoezini hukuti balaa hili. Hewa ya nje ndiyo ya ndani, na ngozi ya kanuni imeshatulia. Ngome Kongwe ni habari nyingine: juu wazi, nafasi kubwa, panafaa bendi na spika nzito, ndiyo maana tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, limepazoea. Udi, ile ala ya nyuzi, ukipigwa peke yake pale, sauti yake inapeperuka na upepo. Ukienda, kaa usawa wa meza ya fundi mitambo. Ukiegemea ukuta, bezi inagonga mawe na kukurudia mara mbili.

Nilikusudia kusema ule ukumbi wa ghorofani msiukanyage kabisa. Siwezi. Kuta zake nene za mawe na chokaa, dari ya boriti, chumba kidogo: mpiga udi alipoanza taqsimu, ule upigaji wa peke yake wa kubuni papo hapo, bila maikrofoni, hata kidole kikiteleza juu ya uzi ulikisikia. Kwa chumba chenyewe, Vuga haifui dafu. Na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba chumba kama kile wamekipa watu wasiosikia. Meza nazo wamezisukuma hadi miguuni mwa mwimbaji. Mtu akitaka kwenda kumtunza mwimbaji pesa, apite wapi? Taarabu gani isiyo na njia ya kutunza?

Basi siku ya udi na fidla, nendeni, hamtajuta. Siku ya kanuni, fikeni nusu saa kabla. Mkimkuta analinganisha nyuzi huku kiyoyozi kinavuma juu ya kichwa chake, msikae. Dai pesa yako ya tiketi papo hapo, kabla wimbo wa kwanza haujaanza.