Pawabenki Ipi Ununue? Tafuta Wati-saa, Usidanganywe na Namba ya Mbele ya Boksi

Namba kubwa inayochapwa mbele ya boksi la pawabenki haikwambii simu yako itapata chaji kiasi gani. 10,000 mAh (miliampea-saa) ni ujazo wa seli za ndani, yaani betri zenyewe, zikihesabiwa kwa volti zao 3.7. Tundu la USB hutoa volti 5, au 9, au 20, kwa hiyo saketi hulazimika kupandisha volti, na volti zikipanda mAh hushuka. Zidisha 10,000 kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000: unapata wati-saa 37, yaani 37 Wh, kipimo cha nishati yote iliyomo ndani. Gawa 37 kwa volti 5 na umebaki na 7,400 mAh, na hapo hujaondoa umeme unaogeuka joto ndani ya saketi. Ukiondoa asilimia 15 hivi, kinachofika kwenye waya ni kama 6,300 mAh.

Watengenezaji waaminifu huiandika namba hii nyuma ya ganda, kwa maandishi madogo, ikifuatwa na 5V/2A (volti 5, ampea 2) au 5V/3A. Kwa pawabenki ya 10,000 mara nyingi utakuta kati ya 5,800 na 6,500. Itafute hiyo kwanza, pamoja na Wh. Ganda lisilo na Wh popote limeficha jambo ambalo mnunuzi ana haki ya kulijua, na hiyo ni sababu tosha ya kuliacha dukani.

Hesabu hiyo inamaliza ubishi mwingi. Betri ya simu ya 5,000 mAh ni kama 19 Wh. Pawabenki ya 37 Wh, baada ya hasara ya saketi yake na hasara nyingine ndogo ndani ya simu yenyewe, huijaza simu hiyo mara moja na nusu. Anayeahidi mara mbili amegawa 10,000 kwa 5,000 akaishia hapo.

Mizani pia husema ukweli. Seli ya duara ya aina ya 18650 (kipenyo milimita 18, urefu milimita 65) ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na zilizo bora kabisa hubeba kama 3,500 mAh. Ili kufikisha 20,000 mAh unahitaji seli sita, yaani takribani gramu 280 kabla ya kuongeza ganda na saketi. Seli bapa hazina tofauti kubwa ya uzito. Kwa hiyo kifaa cha “50,000 mAh” chenye gramu 300 hakiwezi kuwa na ujazo huo. Kingehitaji seli 15, zaidi ya gramu 670 za seli tupu. Kwa vipimo hivyo, hizi hapa aina tano, kuanzia ya kununua kwanza hadi ya kuacha.

Nafasi ya 1: 10,000 mAh, USB-C inayoingiza na kutoa, PD ya wati 20 hadi 30

Hii ndiyo ya kununua kwa watu wengi, na atakayeamua kuishia hapa kusoma hatakosea. Ina gramu 180 hadi 230, inaingia mfukoni, na inatosha siku nzima mbali na umeme hata ukitumia simu kwa fujo.

Cha kuangalia kwa makini ni mfumo wa chaji. PD (Power Delivery) ndio mfumo wa pamoja wa kuchaji haraka kwa USB: simu na pawabenki huzungumza kupitia waya na kukubaliana volti, kuanzia 5, kisha 9, 15 au 20. iPhone zote kuanzia iPhone 8 ya mwaka 2017 huchaji haraka kwa PD, ila zile zilizotoka kabla ya iPhone 15 zinahitaji waya wa USB-C kwenda Lightning. Waya wa zamani wenye kichwa bapa cha USB-A haubebi PD, na hili ndilo kosa linalowafanya wengi waseme pawabenki yao mpya ni ya polepole. Tatizo ni waya.

Simu za Samsung zenye chaji ya wati 25 au 45 zinataka PPS juu ya PD. PPS huruhusu volti kubadilika kidogo kidogo kadiri betri inavyojaa, hivyo simu haipati moto sana. Pawabenki yenye PD bila PPS itaichaji simu hiyo, lakini kwa kasi ya chini. Simu za OPPO na OnePlus (SuperVOOC) na za Huawei (SuperCharge) zina mifumo yao wenyewe. Kwenye pawabenki ya kawaida hurudi kwenye kasi ndogo zaidi. Ukiwa na simu ya namna hiyo, usilipie wati 65 kwa ajili yake, maana hutaziona.

Soma pia mstari wa kuingiza umeme, ambao wauzaji huupita kimya. Tundu la microUSB la 5V/2A huingiza wati 10 tu. Pawabenki ya 10,000 itachukua zaidi ya saa nne kujaa, na ya 20,000 karibu saa tisa. Kwa wati 18 hadi 20 kupitia USB-C, ya 10,000 hujaa kwa saa mbili na nusu hivi. Mahali ambapo umeme unakuja kwa vipindi, tofauti hii ina uzito kuliko ujazo wenyewe: pawabenki kubwa isiyowahi kujaa haina faida.

Nafasi ya 2: 20,000 mAh, wati 45 hadi 65

Hii ni 74 Wh. Inajaza simu ya 5,000 mAh mara tatu, au kompyuta mpakato ndogo yenye betri ya 50 Wh mara moja na chenji kidogo. Inamfaa mwenye simu mbili, anayefanya kazi na kompyuta nje ya ofisi, au familia inayosafiri na chanzo kimoja. Uzito wake ni gramu 340 hadi 450, na mfuko wa suruali utalalamika.

Kabla ya kuinunua kwa ajili ya kompyuta, hakikisha kompyuta yenyewe inachaji kwa USB-C. Kuwa na tundu la USB-C hakutoshi, kwani mengine ni ya data tu. Tafuta alama ya chaji kando ya tundu, au angalia wati na volti kwenye chaja iliyokuja nayo. Kompyuta nyingi zinataka volti 20. Ukizipa wati 20 au 30, baadhi hukataa kabisa, nyingine huchaji zikiwa zimezimwa tu.

Kuna mtego wa matundu mengi. Wati 65 zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni za tundu moja likiwa peke yake. Ukichomeka kifaa cha pili, umeme hugawanywa: tundu la kwanza linaweza kushuka hadi wati 45, na katika pawabenki za bei ya chini za wati 22.5 matundu yote hurudi volti 5 na kugawana wati 15. Ukurasa wa vipimo ndani ya boksi huonyesha mgawanyo huu. Kama hauonyeshi, chukulia hali mbaya zaidi.

Waya nao una daraja. Waya wa kawaida wa USB-C kwenda USB-C hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupita hapo lazima uwe wa ampea 5, wenye kichipu kidogo kichwani kinachojitambulisha kwa chaja. Bila kichipu hicho, pawabenki ya wati 100 itatoa 60 tu.

Kwa wasafiri wa ndege: kikomo cha kawaida ni 100 Wh, na kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika. Ndiyo maana pawabenki kubwa huishia karibu na 27,000 mAh, ambayo ni 99.9 Wh. Siku zote hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, kamwe isiwekwe kwenye mzigo wa chini. Masharti yalikazwa mwaka 2025: Korea Kusini ilikataza kuziweka kwenye makabati ya juu, na China tangu Juni 28 inakataa kwenye safari za ndani pawabenki zisizo na alama yake ya usalama ya 3C. Maandishi ya Wh yakifutika kwenye ganda, afisa anaweza kuichukua, basi yakinge.

Nafasi ya 3: UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta, kama shida yako ni intaneti

Wengi hununua pawabenki ili ruta isizime umeme ukikatika, kisha hukata tamaa. Sababu ni mbili. Ruta nyingi hutumia volti 12, na waya wa kupandisha volti 5 kuwa 12 unanyonya kwenye tundu ambalo huenda linatoa wati 10 tu, ilhali ruta ya 12V/1A inaweza kudai hadi wati 12 inapowaka. Matokeo yake ruta inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Pili, pawabenki nyingi hukatisha umeme kwa sekunde moja pale chaja yake inapochomolewa au umeme unapokatika, na sekunde hiyo inatosha kuiwasha ruta upya.

UPS ndogo ya ruta hutoa volti 12 au 9 moja kwa moja na haikatishi. Yenye 37 Wh, kwa ruta inayotumia wati 8, inakwenda kama saa nne. Linganisha volti na ukubwa wa pini kabla ya kulipa, na hakikisha ampea za UPS hazipungui zile za ruta. Kwa kuwa kifaa hiki hukaa kwenye umeme mwaka mzima, seli za LiFePO4 (lithiamu chuma fosfati) zinastahili pesa ya ziada: ni nzito zaidi kwa Wh ile ile, lakini huvumilia mizunguko 2,000 au zaidi ya kujazwa na kuisha, wakati seli za kawaida huanza kuchoka dhahiri kati ya 300 na 500.

Nafasi ya 4: 5,000 mAh ya sumaku, isiyo na waya

Nzuri kwa mkono, dhaifu kwa hesabu. Ni 18.5 Wh, na kuchaji bila waya hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto, kwa hiyo haiijazi simu ya 5,000 mAh hata mara moja. Joto hilo huingia kwenye betri ya simu. Ukiipenda, chukua yenye Qi2 (kiwango cha pamoja cha kuchaji bila waya kwa sumaku), na yenye tundu la USB-C ili utumie waya unapotaka kila wati.

Nafasi ya mwisho: yenye paneli ya sola mgongoni

Usiinunue kwa ajili ya sola. Paneli ya ukubwa wa simu, sentimita 15 kwa 7, katika jua kali la saa sita hupata kama wati 2. Kujaza 74 Wh kwa wati 2 ni saa 37 za jua kamili, bila kuhesabu hasara, yaani zaidi ya wiki nzima ya kuianika. Na kuianika ndiko kunakoiua: seli za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45 za Selsiasi, na ganda jeusi juani hupita hapo upesi. Mwenye haja ya sola achukue paneli ya kukunja ya wati 20 au zaidi, aiunganishe kwa waya na pawabenki ya kawaida iliyo kivulini.

Ukishanunua, ijaribu ndani ya siku za kurudisha

Nunua kipimio kidogo cha USB chenye kuonyesha volti, ampea na Wh. Jaza pawabenki mpaka mwisho, weka kipimio kati yake na simu au kifaa kingine chenye njaa, iache iishe yote, kisha soma Wh. Ikitoa asilimia 80 hadi 90 ya Wh za kwenye ganda, ni nzima. Chini ya 70, irudishe. Kwenye tundu la volti 5, volti zisishuke chini ya 4.75 wakati inachaji kifaa. Zikishuka, saketi ni dhaifu au waya ni mwembamba, hivyo badilisha waya kwanza kabla ya kulaumu kifaa.

Eafoni na saa janja zikikatika chaji baada ya dakika chache, huenda pawabenki haina kasoro. Vifaa hivi huvuta umeme kidogo mno, nayo hudhani hakuna kitu kilichochomekwa, ikajizima. Nyingi zina hali ya umeme mdogo, inayowashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili au kukishikilia sekunde kadhaa.

Tazama pia kama modeli yako imeitwa irudishwe. Jina kubwa halikingi kila kitu: Juni 2025 kampuni ya Anker ilitaka zirudishwe pawabenki zaidi ya milioni 1 za PowerCore 10000, modeli A1263, zilizouzwa Marekani, kwa hatari ya moto. Namba ya modeli iko kwenye ganda, na tovuti ya mtengenezaji hupokea namba ya mfululizo (serial number) ya kifaa na kukujibu papo hapo.

Ikikaa bila kutumika, iache na chaji kama nusu, mahali pa baridi, na uiongezee kila miezi mitatu. Ganda likianza kuachana pembeni, au likiyumba linapowekwa mezani, seli imevimba: usiichaji, usiitoboe, usiitupe kwenye taka za kawaida. Iweke nje juu ya saruji au ndani ya chungu cha mchanga, mbali na vitu vinavyoshika moto, mpaka uifikishe panapokusanywa betri chakavu.